Laptopu nyembamba zijazo: sisi wa Dar tunataka nini hasa? Tuongee kwa kina

#1 MkaziWaKimara

Habari za jioni wakuu,

Kila Januari huko Las Vegas kampuni za kompyuta huonyesha mashine mpya, na miaka nenda miaka rudi wimbo ni mmoja: safari hii tumepunguza milimita mbili, tumepunguza gramu hamsini. Mashine hizo hizo, baada ya miaka minne au mitano, tunakutana nazo Kariakoo zikiwa mtumba, na sisi ndio tunaokaa nazo muda mrefu kuliko yule aliyezitoa kwenye boksi. Lakini anayeulizwa anataka nini ni yule wa boksi. Leo tuulizane wenyewe.

Naanza na jina. Kiswahili kimekiita chombo hiki kompyuta mpakato. Kupakata ni kumweka mtoto mapajani ukamtuliza. Kitu cha kupakatwa hakikuchomi, hakikulemei, na kikiumwa unajua pa kukipeleka. Kwangu kipimo cha laptopu nyepesi ni hicho.

Mimi ni mhariri wa kujitegemea. Asubuhi napanda mwendokasi Kimara kwenda Kivukoni, siku nyingi nasimama njia nzima na begi nimelivalia kifuani. Mashine yangu niliinunua mpya mwaka 2022, nyembamba, inavutia, kampuni sitaitaja. Kwenye karatasi ina kilo 1.3. Siku moja nikaipeleka kwa jirani yangu muuza nafaka, nikaiweka kwenye mizani yake pamoja na chaja, waya wa ukutani na kile kiunganishi cha matundu ambacho bila yake siwezi kuchomeka flashi. Ikasoma kilo 1.9. Gramu 600 hazikuandikwa popote, na bega langu ndilo linalozibeba kila siku.

Halafu joto. Februari mchana, umeme umekatika, feni ya dari imesimama, chumba ni nyuzi 33. Nikiiweka mapajani nalazimika kuiwekea sinia la plastiki chini. Laptopu inayohitaji sinia haijastahili kuitwa mpakato.

Na la tatu ndilo lililonifanya niandike. RAM yake, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 8, imechomelewa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya ndani. Mwaka jana ilianza kuchoka, nikaenda kwa fundi kuongeza, akaifungua akaniangalia kwa huruma. Hakuna soketi. Mashine nzima ni nzima kabisa, kioo kizuri, kibodi nzuri, lakini haiwezi kukua.

Kwa hiyo ninachotaka: uzito utajwe pamoja na chaja, isichome mapaja, ikae saa 8 za kazi ya kweli bila umeme, na RAM na SSD, ile hifadhi ya faili, vibadilike. Wembamba sina haja nao. Wanirudishie hata unene wa milimita 20, nitashukuru.

Nyinyi je? Nawasilisha.

---

#2 Msafiri_wa_Gongo_la_Mboto

Naweka kambi hapa. Nanunua mwezi ujao, nasoma kwanza.

---

#3 FundiBisibisi

Mleta uzi umenigusa. Mwaka wa tisa huu niko kwenye meza ya ufundi pale mtaa wa Aggrey, na kila wiki namwambia mtu maneno uliyoambiwa wewe. Si maneno mepesi kuyatamka, maana mtu amekuja na hela yake mkononi.

Nieleze tulipotoka. Januari 2008, San Francisco, Steve Jobs wa Apple alichomoa MacBook Air ya kwanza kwenye bahasha ya kaki. Kilo 1.36. Dunia nzima inaikumbuka ile bahasha. Lakini RAM yake ya GB 2 ilikuwa imechomelewa, na tundu la USB lilikuwa moja tu. Mwaka 2011 Intel, watengenezaji wa prosesa, ikaleta jina la Ultrabook kwa laptopu nyembamba na wengine wote wakaifuata njia ile. Tangu hapo kila milimita iliyopunguzwa imetolewa kwenye kitu ambacho fundi alikuwa anakishika: kwanza betri ya kuchomoa kwa kidole, halafu soketi za RAM, halafu kibodi ikapigwa ripiti kwenye kava zima, halafu betri ikapakwa gundi.

Watu wa nje hawaelewi kwamba laptopu kwetu ina maisha matatu. La kwanza linaishia huko huko, ofisini kwa mtu, miaka mitatu minne. La pili linaanza kwenye kontena na kuja dukani hapa. La tatu ni pale ulipomaliza nayo ukampa mdogo wako anayeanza chuo. Zile zinazofika maisha ya tatu nazijua kwa majina. EliteBook 840 G5 ina soketi mbili za RAM, mtu anakuja nayo ikiwa na 8 anatoka na 16 ndani ya dakika ishirini, chai haijapoa. ThinkPad T480 ya 2018 ina betri mbili, moja ya ndani na moja ya nje, unachomoa ya nje na kuweka nyingine huku kazi inaendelea na hujazima kitu. Hiyo ni mashine ya kama kilo 1.6, si jiwe.

Kwa hiyo nikisikia kizazi kijacho cha laptopu nyembamba, nawaza kontena la 2030. Kitakachochomelewa leo ndicho nitakachoshindwa kukifungua kesho kutwa.

---

#4 DadaHesabu

Kaka MkaziWaKimara, kwa mengi nakuunga mkono, ila hapo kwenye wembamba umesema kama mwanaume. Niruhusu nikueleze.

Mimi ni mhasibu, nahudumia wateja wanne tofauti, Posta, Ilala, Mwenge na mmoja Tegeta. Nilikuwa na laptopu nene na begi lake. Begi la laptopu linajitangaza. Ukipita nalo jioni kituoni, ukipanda nalo boda, kila kibaka anajua umebeba nini. Niliporwa mwaka juzi, pikipiki ilipita ikanivuta na begi, nikaanguka, na kilichoniuma kuliko goti ni hesabu za wateja zilizokuwa ndani.

Sasa natumia nyembamba ya inchi 13 inayoingia kwenye mkoba wangu wa kawaida, katikati ya faili na kanga niliyoikunja. Anayenitazama haoni kompyuta. Milimita 15 na milimita 22 kwenye mkoba ni tofauti kubwa: moja inafunga zipu, nyingine haifungi. Kwa hiyo msiuondoe wembamba kwenye orodha, wanawake wengi wa mji huu wanauhitaji kwa usalama wao.

Ninachotaka mimi zaidi ni betri. Ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20. Umeme ukikatika tarehe 19 usiku, sina pa kukimbilia, nipo mezani na tochi ya simu na asilimia zinazohesabika. Na nataka chaja iwe ile ile ya simu. Hii ya USB-C imenipunguzia nusu ya mzigo. Chaja ndogo za kisasa za wati 65 nyingi hazifiki gramu 150, na inachaji laptopu, simu, hata pawabanki.

Jambo moja la tahadhari kwa wanaotamani zile za prosesa ya Snapdragon zilizotoka Juni 2024, ambayo ni ya aina ya ARM kama za simu. Chaji inakaa kweli, ofisini kwa mteja wangu mmoja ipo. Lakini programu za kawaida huigizwa zikafanya kazi, draiva, zile programu za kuendesha kifaa unachochomeka, haziigizwi. Printa yao ya zamani haina draiva ya ARM, basi inabaki kutazamwa. Kabla hujanunua, orodhesha kwanza kila kifaa unachochomeka.

---

#5 MkaziWaKimara

Dada, pole sana kwa yaliyokupata. Na nakubali, nilipima kwa bega langu tu. Nafuta sentensi ile ya milimita 20. Nitasema hivi: wembamba uwepo, lakini usilipiwe kwa RAM yangu.

Kwenye betri, wadau wengi huangalia ukubwa wa betri wakasahau ulaji. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ya wati-saa 50 ikiilisha mashine inayokula wati 5, unapata saa 10. Ikila wati 10, ni saa 5. Huwezi kuongeza betri bila mwisho, maana inaongeza uzito, na kwenye ndege kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Njia iliyobaki ni kupunguza ulaji. Ndiyo maana MacBook Air ya prosesa ya M1 ya Novemba 2020 ilishtua watu: betri yake haifiki hata wati-saa 50, feni haina, na bado inamaliza siku ya kazi. Iliwaonyesha wengine kwamba joto na chaji ni ugonjwa mmoja. Karibu kila wati inayoliwa inaishia kuwa moto mapajani mwako.

---

#6 KijanaWaChangombe

Basi mkuu jibu si unalo? Air ya M1 ya mtumba, mjadala umekwisha. Mimi ninayo, nasoma nayo kutwa nzima chuoni bila chaja, haina feni kwa hiyo haimezi vumbi, haipigi kelele maktaba. Kilo 1.29.

---

#7 FundiBisibisi

Mdogo wangu, ni mashine nzuri na sitakudanganya. Kwa vumbi la barabara zetu, kutokuwa na feni ni neema. Nasafisha feni zilizoziba kama nyavu za dagaa, hiyo ndiyo kazi yangu ya kila Jumamosi.

Lakini nijibu swali hili: una GB ngapi? Nyingi za mtumba ni RAM 8 na hifadhi 256, na vyote viwili vimeungwa kwenye madabodi. Hata Apple wenyewe waliacha kuanzia na GB 8 kwenye Air mwezi Oktoba 2024, wakaanzia 16. Ukinunua ya 8 leo unanunua uamuzi wa miaka ile na hutaugeuza. Na SSD iliyochomelewa ina jambo zito zaidi: madabodi ikifa, na faili zako zimekwenda nayo. Ile ya soketi naichomoa, naiweka kwenye kava la USB, unaondoka na tasnifu yako hata kama mashine imezikwa. Nimeshika mikono ya wanafunzi waliolia mezani kwangu wiki ya kukabidhi kazi. Kama huwezi kuibadilisha, basi nakala weka mahali pengine, tena leo.

---

#8 KijanaWaChangombe

Ni ya 8. Nimekuelewa kaka. Nanunua diski ya nje wikiendi hii.

---

#9 MwalimuWaMbagala

Salaam wanauzi. Mimi natazama darasani.

Kioo kwanza. Darasa letu lina madirisha makubwa yasiyo na pazia, jua la saa tano linaingia lote. Laptopu nyingi za bei ya chini zina mwanga wa niti 250 hivi na kioo kinachong'aa. Ukikaa pale unajiona uso wako tu. Niti 400 na kioo kisichoakisi vinabadilisha maisha. Watu hutaja prosesa kwenye matangazo ya kuuza, kioo hawakitaji kabisa. Muulizeni muuzaji, na muitoe dukani muitazame nje juani kabla hamjatoa hela. Akikataa, ondokeni.

Pili matundu. Projekta yetu ni ya HDMI na VGA. Mashine ya matundu mawili ya USB-C haiongei nayo mpaka uwe na kiunganishi, na kiunganishi ndicho kitu cha kwanza kupotea shuleni. Sijaomba VGA irudi, hiyo imezeeka. HDMI moja na USB ile ya flashi moja, basi. Wanafunzi wetu bado wanaleta kazi kwa flashi.

Tatu, ile Windows 10 iliyoachwa Oktoba 14, 2025. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama. Shuleni tulikuwa na mashine sita nzuri za kizazi cha 6, bado zinawaka, bado zinaandika. Niliomba kijana mmoja anayejua Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, akaziwekea, zinaendelea kufundisha. Lakini hilo nataka kizazi kijacho walitaje wazi: mashine hii itapata masasisho mpaka mwaka gani? Iandikwe kwenye boksi kama tarehe ya mwisho ya maziwa.

---

#10 Lenzi_na_Harusi

Napiga picha harusi. Tundu la kadi ya SD, la saizi kamili. Sina la ziada.

---

#11 MamaWaKigamboni

Na chumvi jamani. Sisi wa karibu na bahari hakuna anayetusemea. Upepo wa Kigamboni unakula skrubu za bawaba. Laptopu yangu ilianza kwa kukaza kufungua, nikadhani ni upya, kumbe bawaba imeshika kutu, siku moja nafungua ikang'oa na kona ya kioo. Zile nyembamba kava la juu ni kama karatasi, bawaba ikikaza kidogo ndiyo inapasuka. Wafanye bawaba isiyoshika kutu na waifanye ishikwe na chuma, si plastiki.

---

#12 FundiBisibisi

Mama, shikamoo. Uliyosema nayaona kila mwezi, hasa kutoka Kigamboni, Kunduchi na Mbezi Beach. Ushauri mdogo: bawaba ikianza kukaza usilazimishe, ileteni ilegezwe. Dakika kumi za bisibisi zinaokoa kioo cha laki mbili na kitu. Na mfungue kwa kushika katikati ya kioo, si kona.

Mwalimu, shikamoo pia. Kwa wale wanaodhani wembamba na kufunguka haviwezi kukaa pamoja, si kweli, na ushahidi upo. Kampuni ya Framework ya San Francisco imekuwa ikitengeneza tangu 2021 mashine ya inchi 13, kilo 1.3, unene haufiki milimita 16. RAM ina soketi, SSD ina soketi, betri ni ya skrubu, na hata matundu unayachagua: leo HDMI, kesho kadi ya picha. Mimi sijawahi kuishika, hapa hazijaanza kuonekana mezani kwangu, lakini michoro na maelekezo yake yako wazi na nimeyasoma yote kwa raha.

Jingine linaitwa LPCAMM2. Wahandisi walikuwa wanasema RAM zile zinazokula umeme kidogo lazima zichomelewe, kwa sababu umbali wa soketi za zamani unaharibu mawimbi. Sasa kuna bamba dogo linalolala bapa juu ya madabodi na kukazwa kwa skrubu, lina kasi ile ile na ulaji ule ule mdogo. Mwaka 2024 liliingia kwenye ThinkPad P1 Gen 7. Mwaka huo huo Intel, kwa zile prosesa za Core Ultra 200V, ikaenda upande mwingine kabisa na kuweka RAM kwenye kifurushi kimoja na prosesa, GB 16 au 32, unachochagua siku ya kwanza ndicho cha kuzikwa nacho. Chaji yake inasifiwa na inastahili. Lakini njia zote mbili ziko mezani sasa hivi, na nikipewa sauti mimi nachagua bamba la skrubu bila kusita.

---

#13 DadaHesabu

Fundi, na betri? Ya kwangu nimeanza kuona inashuka.

---

#14 FundiBisibisi

Dada, betri ya lithiamu inachukia vitu viwili: joto na kukaa imejaa. Dar inaipa vyote. Mtu anaiacha kwenye chaja saa 24 kwa kuogopa umeme kukatika, chumba kiko nyuzi 32, baada ya mwaka na nusu imevimba inainua padi. Kwenye mipangilio ya laptopu nyingi za kiofisi kuna sehemu ya kuizuia isizidi asilimia 80. Iwashe, na uiondoe tu ukiwa na safari au unaingia kwenye tarehe 19 yako. Kizazi kijacho kiwe kinatoka kiwandani kimewekwa hivyo, kwa watu wa nchi za joto.

Na kuna habari njema inakuja taratibu. Ulaya wameshapitisha sheria mbili: laptopu mpya za kawaida kuchaji kwa USB-C kuanzia Aprili 28, 2026, na kuanzia Februari 18, 2027 betri za vifaa vya kubebeka, isipokuwa vichache, ziwe zinaweza kutolewa na mwenye kifaa. Hawakututungia sisi. Lakini mtumba wao ni mtumba wetu, na nitakuwepo pale Aggrey zikifika, Mungu akijalia.

---

#15 Karani_wa_Kata

Nimesoma mpaka mwisho. Wote mmesahau intaneti. Natumia hotspoti ya simu kutwa, simu inachemka na betri yake inakufa. Laptopu nyingi za mtumba wa kiofisi zina tundu la laini pembeni lakini ukichomeka laini hakuna kitu, kadi ya modemu haimo ndani. Naomba modemu iwe kitu cha kawaida. Laptopu isiyojua laini ni pungufu kwa nchi ambayo bando la simu ndilo intaneti ya watu wengi.

Na hii habari ya akili mnemba. Wanazisifu kwa tarakimu, eti hizi za Copilot+, laptopu za Windows zilizotengenezwa kwa akili mnemba, lazima zifanye operesheni trilioni 40 kwa sekunde. Sawa. Mimi naandika mihtasari ya vikao vya saa tatu, watu wanaongea Kiswahili cha haraka, wanakatizana. Mashine ikiweza kunisikilizia kikao na kukiandika kwa Kiswahili sahihi, ndani yake yenyewe, bila kumaliza bando na bila kupeleka siri za wananchi kwenye seva ya mtu, hapo nitaelewa trilioni zao ni za nini.

---

#16 MkaziWaKimara

Karani, hilo la mihtasari nalibeba kwa mikono miwili. Mimi huhariri nyaraka za aina hiyo na najua mateso yake.

Nimeandika upya ninachotaka baada ya kuwasikia. Inchi 13 au 14, ifunge zipu ya mkoba wa dada. Kilo 1.3 pamoja na chaja, si bila chaja. Kioo cha niti 400 kisichoakisi. HDMI, USB ya flashi, USB-C mbili, moja kila upande ili waya usinizunguke. Laini ndani. Bawaba ya chuma. RAM ya skrubu, SSD ya soketi, betri ya skrubu. Mwaka wa mwisho wa masasisho uandikwe kwenye boksi. Lenzi, kadi yako nimekuwekea, japo najua itagombea nafasi na HDMI na mmoja wenu atanuna.

Bei sijagusa kwa makusudi. Wakitengeneza hivyo, hata ikiwa ghali mpya, itatufikia kwa wakati wetu ikiwa bado hai.

Fundi, nina ombi binafsi. Ile yangu ya GB 8 nataka niiwekee Linux nyepesi kama mashine za mwalimu, nimpe mpwa wangu anayeingia kidato cha tano. Jumamosi upo?

---

#17 FundiBisibisi

Nipo kuanzia saa tatu. Njoo na chaja yake, na umwambie mpwa wako aje pia. Nitaifungua mbele yake nimfundishe kusafisha feni.